KIJITO KILIPOKAUKA
Somo kwa ndugu waliopoteza kazi

Kusoma: 1 Wafalme 17:1-16, Luka 16:1-8, Matendo 18:1-4



Tangu mwanzo wa mwaka 2025 wamekuwa wakifika mlangoni kwangu watu wenye habari ile ile: kazi imekwisha. Mmoja alikuwa mpishi, mwingine dereva, mwingine alifagia ofisi, na wengi walikuwa zamu. Karibu wote walifanya kazi Kigobe, ule mtaa wa Bujumbura wenye Jumba la Mikutano ambamo Bunge hukaa, wenye nyumba za kuta ndefu na mageti ya chuma. Wasioujua mtaa ule wafahamu jambo moja. Geti moja la mgeni au la shirika huweza kulisha watu sita: zamu wa mchana, zamu wa usiku, mpishi, mfuaji nguo, mtunza bustani, dereva. Nyuma ya kila mmoja wao kuna chumba cha kupanga huko Kamenge, Kinama au Buterere, au kuna familia huku kambini inayongoja kitu kidogo mwisho wa mwezi. Mkubwa wa geti akiondoka, wote sita huondoka siku moja.

Somo hili ni lao, na la wake zao na waume zao. Naomba msilisome kama neno la mtu aliyejifunza haya darasani tu.

Usiku kumi na tisa

Mimi nilikuwa zamu wa usiku Kigobe, na mchana nilisoma Chuo cha Biblia. Ikafika mwaka 2015. Baada ya fujo za Aprili na jaribio la mapinduzi la Mei 13, wageni wengi waliondoka Bujumbura, na wenye geti letu wakaondoka pamoja nao. Tuliitwa watatu, tukapewa mshahara wa mwezi ule na mfuko wa mchele, tukakabidhi funguo. Sina neno nao. Walifanya walivyoweza.

Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba mchele ni zawadi na kwamba nimepewa siku mbili za kupumzika. Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, nikavaa koti langu, nikachukua tochi na Biblia, nikatoka kama siku zote. Nilikwenda kwa zamu mwenzangu wa geti jingine, tukakaa wote katika kibanda chake mpaka asubuhi. Usiku wa mwaka ule risasi zililia, haukuwa wakati wa mtu kutembea ovyo. Lakini niliona heri risasi kuliko kumwambia Mama Neema kwamba sina kazi. Nilifanya hivyo usiku kumi na tisa.

Usiku wa kumi na tisa mtoto wetu wa pili akawaka homa. Alfajiri mke wangu akamwacha kwa jirani, akatembea mpaka Kigobe kunitafuta. Akakuta kufuli. Akabisha, akaita jina langu mbele ya nyumba tupu, mpaka zamu wa upande wa pili akamwonea huruma akamwambia, "Mama, hapa hakuna mtu tangu mwezi uliopita."

Niliporudi nyumbani alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Neema, kazi kupotea si aibu. Aibu ni mimi kuita jina lako kwenye geti la watu, na wapita njia wananiangalia." Nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuhubiri mara ngapi juu ya kusema kweli?

Asubuhi hiyo hiyo, homa ya mtoto ilipotulia kidogo, aliwaambia watu watatu: mwenye nyumba yetu, mama aliyemuuzia ndagala sokoni, na shemasi wetu. Mimi nilikuwa nimenyamaza siku kumi na tisa, nikapata sifuri. Yeye aliongea siku moja, na Jumamosi mume wa yule mama wa ndagala akanichukua kubeba matofali mahali alipokuwa akijenga. Haikuwa kazi ya kujivunia, na mabega yaliuma. Lakini Jumamosi ile tulinunua unga.

Eliya alifanya kosa gani?

Sasa tufungue Biblia. Nabii Eliya alikaa kwenye kijito cha Kerithi, akanywa maji ya kijito, na kunguru wakamletea chakula. Hiyo ilikuwa riziki yake. Baada ya siku kadhaa kijito kikakauka. Angalieni mstari wa 7: Maandiko yenyewe yanatoa sababu, nayo ni kwamba mvua haikunyesha katika nchi. Hayasemi Eliya alipungukiwa imani, wala kwamba aliomba vibaya, wala kwamba kuna mtu alimroga. Mtu mwenye akili ataniuliza, "Pasta, si mvua ilizuiwa kwa neno la Eliya mwenyewe?" Ni kweli, mstari wa 1 unasema hivyo. Hata hivyo hatusomi popote kwamba alikaa kando ya mchanga mkavu akijilaumu. Aliambiwa aondoke, akaondoka.

Nasema haya kwa sababu nimesikia maneno mabaya yakisemwa juu ya ndugu zetu, hata ndani ya maombi: "Ana dhambi iliyofichika," au, "Hatoi fungu la kumi." Hebu tutazame mvua ilivyokatika. Mwaka 2015 wageni waliondoka. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali. Oktoba 2018 mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali yakasimamishwa kwa miezi mitatu, na baadhi hayakufungua tena. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka ule USAID ikafungwa rasmi. Hata UNHCR, wanaotuandikisha sisi, walitangaza Juni 2025 kwamba wanaondoa nafasi za kazi kama 3,500 duniani. Mwamba akianguka Washington, mfuaji nguo wa Kigobe hawezi kuuzuia kwa kufua vizuri zaidi.

Lipo pia jambo la sisi kuwa wakimbizi, na wengi hawalijui. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 17, unahusu kazi ya mshahara. Burundi ilipojiunga mwaka 1963 iliandika kwamba sehemu mbili za kwanza za kifungu hicho inazipokea kama ushauri tu. Kwa hiyo ukiona ofisi inamtanguliza mwenye nchi, usirudi nyumbani ukidhani sura yako ina kasoro. Kifungu cha 18, cha mtu kujifanyia kazi yake mwenyewe, hakikuwekewa sharti hilo. Mwenye cherehani, mwenye mkasi wa kunyoa na mwenye kikaango cha maandazi wakumbuke hilo.

Na aliyefukuzwa kwa kosa?

Wapo pia. Zamu aliyekutwa amelala. Dereva aliyekunywa. Mpishi aliyebeba mafuta chini ya kitenge. Tusijifanye hawamo kanisani.

Kwao iko Luka 16. Yule wakili alikuwa mwizi kweli, na Bwana hakumsifu kwa wizi. Lakini tazameni alichofanya alipojua kazi inaisha. Alikaa akajipima kwa ukweli: kulima hana nguvu, kuombaomba anaona haya. Kisha akauliza swali la tatu, ni nani watakaonipokea nyumbani kwao? Hakungoja. Aliwaita watu, mmoja mmoja, angali na daftari mkononi. Aliyekosa na atubu, na kama aliiba arudishe. Akiulizwa na mwajiri mwingine, aseme kweli kwa maneno mafupi. Kisha naye atembee. Toba haimkatazi mtu kutafuta kazi.

Kazi za Kigobe hupatikanaje?

Mnaweza kuniambia, "Pasta, andika barua, peleka ofisini." Kwa aliyesoma, ni sawa. Lakini niliyoyaona kwa miaka yangu ya getini ni haya: kazi ya zamu, ya mpishi au ya kufua haitangazwi popote. Mwenye nyumba humwambia mpishi wake, "Nitafutie mtu mwaminifu." Mpishi humwambia zamu. Zamu humwambia zamu wa geti la pili. Kazi inatembea kwa miguu ya watu, na inasimama mahali ambapo mtu anajulikana kuwa anatafuta. Ukificha kwamba huna kazi, umefunga njia yenyewe ambayo kazi ingepitia. Hili ndilo kosa langu la usiku kumi na tisa. Dhambi ya kumdanganya mke ilikuwa kubwa, lakini hata kwa hesabu ya tumbo tu ulikuwa upumbavu.

Kwa hiyo, wa kwanza kuambiwa ni mke au mume, siku ile ile, kabla ya chakula cha jioni. Watoto wakubwa nao waambiwe kwa kiasi chao, maana wataona sahani. Kisha mwenye nyumba, kabla ya tarehe ya kodi, sio baada. Mwenye nyumba aliyeambiwa mapema huweza kungoja wiki mbili. Aliyekimbiwa huleta kufuli lake.

Kabla ya kuondoka kazini omba karatasi: cheti chenye tarehe uliyoanza, tarehe uliyomaliza, na kazi uliyofanya, pamoja na sahihi na simu ya mwajiri. Wengi huona haya kuomba. Mimi sikuomba, na mwaka uliofuata nilipoulizwa, "Nani anakujua?" sikuwa na la kuonyesha ila mdomo wangu.

Mshahara wa mwisho ni mtihani. Ndugu mmoja alinunua suti ili aonekane mtu anayefaa ofisini. Mwingine alinunua marobota mawili ya nguo kuukuu bila kujua soko, akauza kwa hasara. Kodi kwanza, unga na maharage pili, nauli ya kutafutia kazi tatu. Kama mko katika likelemba, nendeni mkaseme hali yenu kwa wenzenu. Huenda zamu yenu ya kupokea ikasogezwa mbele. Biashara ianze ndogo kuliko unavyotamani. Mama Neema alianza na maandazi ya kilo moja ya unga, na kwa miezi saba maandazi yale yalitulisha kuliko matofali yangu. Sipendi kulikiri, lakini yeye atalisoma gazeti hili, hivyo ni heri niandike.

Katika Matendo 18 tunakutana na Akila na Prisila. Hawa walikuwa wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio. Wasomi wengi huweka jambo hilo mwaka 49. Walifika Korintho bila nyumba, lakini mikono yao ilijua kushona hema, na mikono haikuhitaji kibali cha Kaisari. Paulo alipofika aliwatafuta, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Mkimbizi alipata kazi kwa mkimbizi. Fundi aliye kati yetu mwenye kazi nyingi kuliko mikono yake, asiende kutafuta msaidizi mbali.

Onyo

Mwenye njaa hudanganywa upesi. Anayekudai pesa kwanza ili akupe kazi, mwache. Anayemwambia binti aje kuzungumzia kazi usiku, peke yake, huyo hana kazi. Na kuna wanaopita wakisema Oman, Saudia, mshahara mnono. Mapatano ambayo Burundi ilifanya na Saudia mwaka 2021 ni ya raia wa Burundi. Mkimbizi anayeambiwa achukue pasipoti ya nchi aliyoikimbia ili asafiri, aulize kwanza ofisi ya wakimbizi, kwa sababu kwa kitendo hicho anaweza kupoteza ulinzi wake wa ukimbizi.

Eliya, kijito kilipokauka, alitumwa Sarepta, nchi ya Sidoni, ambako ndiko alikotoka baba yake Yezebeli. Alikutana na mjane anayeokota kuni, maskini kuliko yeye. Akaanza kwa kuomba maji kidogo, kisha kipande cha mkate. Nabii mkubwa alifungua mdomo akaomba. Na mjane yule naye akasema kweli juu ya unga wake, kwamba umebaki konzi moja. Hawakufichana.

Jumatano hii, baada ya maombi ya saa tisa, tutabaki kanisani. Mama Neema atakuwa na daftari. Kila asiye na kazi aandike jina, kazi anayoijua vizuri, na simu ya mtu aliyewahi kumwona akiifanya. Wenye kazi nao wasikimbie baada ya "Amina", maana ninyi ndio mnaosikia ni geti lipi linatafuta mtu.