Isaka Alicheka na Mkewe Mwaka wa Njaa

Somo la familia. Andiko: Mwanzo 26:1–12. Someni pia Mwanzo 24:67 na Marko 6:30–33.



Kabla hujaendelea, chukua simu yako ufungue jumbe ulizoandikiana na mume au mke wako wiki hii. Soma ishirini za mwisho. Nimewaomba wanandoa kadhaa wafanye hivyo ofisini, na karibu wote hukuta mambo yale yale: tokeni za stima zimeisha, tuma ya gesi, mwalimu anaitisha pesa ya tuisheni, umefika wapi, pitia maziwa. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Ni kama kampuni ndogo yenye wakurugenzi wawili, na inaendeshwa vizuri tu. Mimi nilisomea biashara, nawaambia kampuni kama hiyo inaweza kwenda miaka mingi bila kufungwa. Lakini siku ile mlisimama madhabahuni, si kampuni mlikuwa mnasajili.

Sasa tuangalie andiko. Mwanzo 26 inaanza na njaa. Isaka amehamia Gerari kwa Wafilisti, mgeni kwenye nchi ya watu, na anawaogopa wenyeji hadi amewaambia Rebeka ni dada yake. (Huo uongo una somo lake, tutaufikia siku nyingine.) Basi siku moja mfalme Abimeleki anachungulia dirishani, anamwona Isaka anacheza na Rebeka. Alivyowaona wanavyofurahi, akajua hapo hakuna kaka na dada, hao ni mtu na mkewe. Wanaojua Kiebrania wanatuambia neno lililotumika hapo lina shina moja na jina la Isaka lenyewe, jina linalohusu kucheka. Kwa hiyo Isaka alikuwa akifanya kile jina lake linasema.

Hesabu mistari pamoja nami. Njaa iko mstari wa 1. Kicheko kiko mstari wa 8. Kupanda na kuvuna mara mia, ile sehemu sisi wote tunaipenda na tumeihubiri sana, iko mstari wa 12. Kicheko kilitangulia mavuno. Na tukifuata mpangilio wa sura, hawa hawakuwa maharusi. Isaka alioa akiwa na miaka 40, akapata mapacha akiwa na miaka 60. Ni watu waliokuwa wamengoja miaka ishirini kwa maombi na machozi, wakalea, na bado mfalme anawapata wakicheza.

Sisi je? Sisi husema tukimaliza kujenga. Watoto wakitoka shule ya upili. Nikipandishwa cheo. Ama tunangoja Disemba, tunakopa kwa simu, tunaenda Mombasa siku moja na Kenya nzima, tunapanga foleni ya kila kitu, tunarudi Januari hatuongei kwa sababu ya deni. Ndiyo maana nataka tuongee juu ya kwenda wakati watu hawaendi.

Nianze na hesabu, mnivumilie. Chumba cha kulala wageni ni kama nyanya sokoni, tena nyanya ina nafuu kwa sababu ya leo unaweza kuiuza kesho. Chumba ambacho hakikulaliwa usiku wa leo, usiku huo umepotea milele. Na mwenye nyumba, uwepo usiwepo, analipa mlinzi, analipa maji, analipa ardhi. Kwa hiyo mwezi wa tano, mvua ikinyesha Pwani na shule zikiwa zimefunguliwa, afadhali akupe kwa nusu kuliko kibaki tupu. Piga simu moja kwa moja kwa mwenyewe, uliza kwa heshima bei ya kulala siku tatu katikati ya wiki. Lakini usimkamue. Msimu kama huo ndio wafanyakazi wengi hurudishwa nyumbani bila mshahara. Dada anayetandika kitanda chako, muachie kitu.

Mwaka jana mimi na mama watoto tulienda Pwani hivyo, mwezi wa tano. Nawapa hesabu yetu kwa sababu watu huuliza. Treni, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwa mtu tangu Januari 2024, kwa hiyo wawili kwenda na kurudi ni 6,000. Chumba kisafi, si cha fahari, 1,800 kwa usiku, siku tatu 5,400. Chakula 3,600. Matatu 1,200. Jumla 16,200. Tulikuwa tumeweka 350 kila wiki kwa wiki 47, ikabaki mia mbili hamsini, tukanywea madafu. Zaka ilikuwa imetoka, karo imelipwa, na hakuna mtu tulimkopa. Kivuko cha Likoni ukiwa kwa miguu ni bure. Kukaa pale Mama Ngina jioni ukiangalia meli zikiingia ni bure. Asubuhi mbaazi na mahamri, jioni muhogo wa kukaanga na ndimu na pilipili. Sijui kama kuna hoteli kubwa ingenipa zaidi ya hapo, ila kitambaa cha mezani.

Nisiwadanganye kuhusu hali ya hewa. Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Upepo wa kusi umeshaanza, bahari ina mawimbi, mwani umejaa ufukweni, na kuna vibanda utakuta vimefungwa. Mtu anayetaka kuogelea na kupiga picha za kurushia marafiki, angoje Januari. Bei imeshuka kwa sababu ya kweli kabisa.

Siku yetu ya pili ilinyesha kutoka asubuhi hadi saa kumi. Hatukuwa na pa kwenda. Tulikaa barazani na chupa ya chai, tukamaliza habari za watoto, tukamaliza habari za kanisa, kisha tukanyamaza muda mrefu. Wengine wenu mnajua tulipoteza mtoto mwaka ule mwingine, kabla ya kuzaliwa. Mliomba nasi, mlileta unga na sukari, Mungu awabariki. Pale barazani mama watoto akaniambia jina alilokuwa amemchagulia. Sikuwahi kulisikia. Alikuwa amelibeba peke yake miezi kumi na minane, na si kwamba alikuwa amenificha. Nyumbani hakukuwa na saa ya kulisema. Kukikucha ni uji, saa kumi na mbili ni gari la shule, jioni ni wageni na simu za washirika. Tulilia, baadaye kidogo tukacheka kwa sababu paka wa pale alikuwa amepanda meza na kula mkate wetu. Amenipa ruhusa niandike haya. Jina lenyewe ni letu.

Mwanzo 24:67 inasema Isaka alifarijika baada ya kifo cha mama yake alipokuwa na Rebeka. Zamani nilikuwa naupita huo mstari haraka nikielekea kwa Esau na Yakobo. Faraja ya Mungu ilimfikia mtu kupitia mke, ndani ya hema. Lakini lazima muwe ndani ya hema pamoja, na mwe na muda.

Mzee mmoja wetu, namheshimu sana, aliniuliza kama pesa hizo hazingefaa kwenda kwenye ujenzi. Swali halali. Nikamwelekeza Marko 6. Mitume wamerudi kutoka kazi ya Mungu yenyewe, watu wanaingia na kutoka hata hawapati nafasi ya kula, na Yesu hakuwaongezea ratiba. Aliwachukua kwa mashua waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Alichagua mahali pasipo na umati, na sijaona palipoandikwa kwamba waligharamika. Tena kumbukeni mstari wa 33: umati ukakimbia kwa miguu ukawatangulia. Siku hizi umati haukimbii, uko mfukoni. Sisi tulizima simu saa moja jioni, shosho tu ndiye alikuwa na namba ya mwenye nyumba.

Kwa ambao hata elfu kumi na sita ni ndoto, najua mko, na wengi. Panda matatu hadi Limuru siku ya kazi, mtembee kwenye barabara za mashamba ya chai mkiwa na sweta, mle mahindi choma, mrudi jioni. Mwezi wa saba ni baridi na ukungu, hakuna mtu, mtashikana mikono bila kuona haya. Wenye watoto wadogo, pangeni na wanandoa wengine wa kikundi chenu cha nyumbani: wakae na wenu Ijumaa na Jumamosi hii, nanyi mkae na wao wiki ijayo. Hilo halina gharama, ila unga wa chapati utaisha haraka.

Na kuna nyumba ambazo safari si dawa yake. Kama kuna kupigwa, au mmoja ana mtu mwingine nje, usinunue tiketi ya treni. Njoo ofisini kwanza, mimi na mama watoto tutakusikiliza, na kama ni hatari tutakutafutia mahali salama pa kulala hata leo.

Kazi ya wiki hii, kwa wanandoa. Someni Mwanzo 26:1–12 kwa sauti, mmoja asome, mwingine asikilize. Kila mmoja amwambie mwenzake mara ya mwisho walipocheka wawili tu, bila watoto na bila televisheni, na ilikuwa ni kuhusu nini. Msibishane nani anakumbuka vizuri. Kisha toeni kalenda, chagueni siku mbili au tatu kati ya Mei na Julai, mwandike kando yake jina la atakayebaki na watoto na kiasi mtakachoweka kila Jumapili mkitoka kanisani. Mkebe wenyewe uwe na tundu dogo.