Somo la 14: Kusikia Maneno Penye Kelele

Katika uwanda wa juu wa Ufipa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua kubwa inapopiga paa la mabati la darasa mjini Sumbawanga, mwalimu hupaza sauti, lakini wanafunzi wa nyuma huona midomo yake ikicheza tu. Pengine yeye husema "saa", nao huandika "taa". Je, masikio yao ni mabovu? Fanya jaribio lifuatalo.

Vifaa: debe lenye kifuniko, vikombe viwili vya mahindi makavu, kipande cha karatasi ngumu, na picha za vitu hivi: pua, jua, mua, saa, taa, kisu, kiti, pete, pera na paka.

Mwite mtoto wa Darasa la Kwanza. Mweleze majina ya picha zote, kisha zipange mbele yake. Simama hatua tano kutoka kwake. Ziba mdomo wako kwa karatasi, kwa sababu macho nayo husaidia kusikia. Taja jina moja moja kwa sauti ya kawaida, naye aonyeshe picha. Hatumwambii aandike, kwani tunapima kusikia, wala si kuandika. Hesabu majibu yaliyo sahihi.

Sasa badili mpangilio wa majina. Mwenzako atie mahindi ndani ya debe na kulitikisa karibu na mtoto, kwa nguvu ile ile mpaka mwisho. Taja majina tena. Jihadhari! Kelele ikianza, kila mtu hupaza sauti bila kujua. Ukifanya hivyo, jaribio limeharibika.

Rudia yote kwa mwanafunzi wa Darasa la Sita. Linganisha hesabu zako. Kwa kawaida wote wawili hupungukiwa penye kelele, lakini mdogo hupungukiwa zaidi.

Kwa nini? Sauti yako na kelele ya debe hutikisa ngoma ile ile ya sikio. Kazi ya kuzitenganisha hufanywa hasa na ubongo. Tazama maneno pua, jua na mua: irabu zake ni zile zile, na hutoka kwa nguvu. Konsonanti ya kwanza ndiyo inayoyatofautisha, nayo ni dhaifu, hivyo kelele huifunika upesi. Mtu mzima hukisia neno lililopotea kwa kufuata maana ya sentensi. Mtoto mdogo anajua maneno machache, na uwezo wa ubongo wake wa kuchambua sauti huendelea kukua hata kufikia ujana. Mtoto aliyezoea Kifipa nyumbani, na ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili, hupata taabu zaidi kukisia. Mara nyingi mtoto wa namna hii hudhaniwa kuwa mkaidi au mzito wa kuelewa, hata akaadhibiwa, kumbe neno halikumfikia.

Lakini mtoto akikosea majina mengi hata pakiwa kimya, mwarifu mwalimu. Huenda sikio limeziba kwa nta au linatoa usaha, naye apelekwe zahanati. Asichokolewe kwa kijiti.

Maswali
1. Kwa nini tulibadili mpangilio wa majina?
2. Rudia jaribio ukisimama hatua mbili tu kutoka kwa mtoto. Hesabu imebadilikaje?
3. Chora darasa lenu. Mvua ikinyesha, ni wanafunzi gani wapewe viti vya mbele?