"Kuhusika" na "Kuhusishwa": Sarufi ya Shuku katika Vikwazo Dhidi ya Mashirika ya Misaada na Haki Mombasa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza vitenzi viwili vya Kiswahili, kuhusika na kuhusishwa, jinsi vinavyotumika serikali inapozuia kazi ya mashirika ya misaada na ya haki za binadamu. Mfano mkuu unatoka Mombasa, hasa upande wa bara: Likoni, Kisauni na Changamwe. Hoja inayotetewa ni kwamba viambishi vinavyotofautisha vitenzi hivi si jambo la darasani tu. Mtu asiyevitofautisha huweza kuhukumu kabla ya hakimu.

2.0 Muktadha

Wakazi wa bara ya Mombasa wameishi na mashirika ya misaada kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990, Utange, eneo la Kisauni, palikuwa na kambi ya wakimbizi waliokimbia vita vya Somalia. Shuku nayo si ngeni. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi, na watu 213 wakauawa. Mwezi uliofuata, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu, likiwemo Al-Haramain. Mwaka 2004 tawi la Al-Haramain nchini Kenya liliingizwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo, haidaiwi hapa kwamba kila shuku ni uzushi. Linaloulizwa ni nani anashuku, na kwa ushahidi gani.

Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku tano baadaye, Inspekta Jenerali wa Polisi alichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali orodha ya watu na asasi zaidi ya 80 walioshukiwa kuwa na uhusiano na kundi hilo. Walipewa saa 24 kueleza kwa nini wasitangazwe rasmi hivyo. Miongoni mwao yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao za benki zilifungwa. Baadaye mwezi huohuo, maafisa wa Mamlaka ya Mapato waliingia katika ofisi zao na kuchukua kompyuta na nyaraka.

3.0 Uchanganuzi

Tangazo lilitolewa kwa Kiingereza, lakini mazungumzo ya mtaani yaliendeshwa kwa Kiswahili. Tuchukue sentensi mbili za mfano:

(a) Shirika limehusika na ugaidi.
(b) Shirika limehusishwa na ugaidi.

Katika (a), kiambishi -ik- kinaeleza hali ya shirika lenyewe: limo katika tendo. Katika (b) mna viambishi viwili. Kiambishi -ish- kinaonyesha kwamba kuna aliyeliunganisha shirika na ugaidi, na -w- kinamwondoa mtu huyo katika nafasi ya kiima. Sentensi (b) haisemi lolote kuhusu tendo la shirika. Inaeleza tendo la mshuku, naye hatajwi.

Kwa kawaida, mtenda katika kauli ya kutendwa hurejeshwa kwa neno "na": "Nyumba imejengwa na fundi." Katika (b), neno "ugaidi" limekalia nafasi hiyo. Tukijaribu kumrejesha mshuku, tunapata: "Shirika limehusishwa na polisi na ugaidi." Msikilizaji atadhani shirika lina uhusiano na polisi na ugaidi kwa pamoja. Hivyo sentensi yenyewe humkinga mshuku asiulizwe, na baada ya kurudiwa mara nyingi, "limehusishwa" hugeuka kuwa "limehusika" vinywani mwa watu.

Kosa hili lina gharama. Mashirika hayo mawili yalikuwa yakifuatilia mauaji na kupotezwa kwa washukiwa Pwani, katika kipindi ambacho Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi huko Bamburi (Agosti 2012) na waumini kushambuliwa kanisani Likoni (Machi 2014). Akaunti zinapofungwa, mzazi anayemtafuta mwanawe hupungukiwa na mlango wa kubisha. Yeye hakuwamo katika orodha yoyote.

Mahakama Kuu ya Mombasa ilimrejesha mtenda katika sentensi kwa kudai ushahidi. Mwezi Juni 2015, Jaji Anyara Emukule aliamua kwamba mashirika hayo hayakuonyeshwa kuwa na uhusiano na ugaidi. Hata hivyo, ni mwezi Novemba ndipo amri ya kufungua akaunti ilipotolewa. Tangazo lilitoa saa 24 za kujitetea, lakini kuondolewa kwa kizuizi kulichukua miezi saba.

4.0 Mfano wa Palestina

Sarufi hii haikomei Mombasa. Januari 2024, Israeli ilidai kwamba wafanyakazi 12 wa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi wa Kipalestina, walishiriki katika shambulio la 7 Oktoba 2023. Marekani na nchi nyingine kadhaa zilisimamisha ufadhili. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulieleza Agosti 2024 kuwa huenda wafanyakazi 9 walihusika, nao wakaachishwa kazi. Shirika lilikuwa na wafanyakazi wapatao 13,000 Gaza. Hata hivyo, tarehe 28 Oktoba 2024 bunge la Israeli lilipitisha sheria mbili za kuzuia kazi za UNRWA. Oktoba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Israeli haikuthibitisha dai lake kuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa shirika hilo ni wanachama wa Hamas.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo inamfaa mchuuzi wa samaki. Ikifanywa kanuni ya sheria, anayeadhibiwa ni mwenye njaa ambaye hakuajiriwa na yeyote.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "kuhusishwa" ni taarifa juu ya mshuku, ilhali "kuhusika" ni taarifa juu ya mshukiwa. Nchini Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na imeweka baraza la kuamua migogoro ya mashirika. Bado lugha inahitaji walinzi wake. Mwanafunzi wa Kiswahili, awe mwalimu, mtangazaji au mfasiri wa kesho, anapokutana na kitenzi "limehusishwa" aulize kwanza: na nani? Kisha aulize: kwa ushahidi gani?