Kasuku anayetetemeka apimwe damu?

SWALI: Msomaji wa Daraja Mbili, Kisii, anauliza kama kasuku wake wa kijivu, anayetetemeka na kuanguka kutoka kijitini, anaweza kupimwa damu.

JIBU: Anaweza. Ndege mzima wa gramu 400 hatolewi zaidi ya mililita 4. Mgonjwa hutolewa pungufu ya hapo. Daktari wa mifugo huchoma shingoni upande wa kulia, ambako mshipa ni mkubwa kuliko wa kushoto.

Kalsiamu ipimwe kwanza. Kasuku wa kijivu huishiwa nayo kwa urahisi, hasa akilishwa alizeti tupu, na degedege hufuata.

Mashine ya kuhesabu seli za binadamu haifai: seli nyekundu za ndege zina kiini, nayo huzichanganya na nyeupe. Hapo hutumika hadubini.

Na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) cha kumfuga kasuku huyo, je, kipo?