Barua ya kuuza viazi lishe: iandike kabla hujavuna

Vijana wenzangu wa Shinyanga, Kahama na Geita, wengi mnaniuliza soko la viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa kama Kabode na Mataya. Usukumani kila mtu anajua kiazi cheupe, michembe na matobolwa. Hiki cha rangi ni bidhaa ngeni, na kiazi kibichi kikishang'olewa hakikai sana. Kwa hiyo mtafute mnunuzi kikiwa bado ardhini.

Njia rahisi ni barua ya mauzo inayodai jibu. Siyo tangazo la "karibuni wote". Inakwenda kwa mnunuzi halisi, mfano mama lishe wa Katoro anayepikia wachimbaji, na inaomba jambo moja tu. Mfano:

"Shikamoo mama. Wateja wako wanakunywa chai na chapati kila asubuhi. Wawekee na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, chenye vitamini A. Nauza kwa kilo, napima kwa mizani mbele yako, hakuna lumbesa. Anza na kilo 10. Wateja wakivikataa, nakurudishia hela ya vilivyobaki. Navuna Jumamosi na nang'oa vilivyoagizwa tu. Tuma neno VIAZI kwa namba iliyo hapa chini kabla ya Ijumaa jioni."

Umeona? Faida ya mnunuzi imetangulia, hasara anabeba muuzaji, na siku ya mwisho ina sababu ya kweli. Usiandike kwamba kiazi kinatibu ugonjwa, utapoteza kuaminika. Na ukiahidi kurudisha hela, rudisha.

Halafu pima. Mmarekani Claude Hopkins alishaandika mwaka 1923 kwamba tangazo lihukumiwe kwa majibu linayoleta. Chapa barua 40 pale steshenari. Barua 20 zianze na rangi ya kiazi, neno la kutuma liwe RANGI. Nyingine 20 zianze na mizani, neno liwe MIZANI. Zigawe siku moja, soko lile lile.

Hesabu waliotuma SMS, kisha waliolipa, kisha waliorudi kununua wiki ya pili. Hao wa mwisho ndio soko lako. Wakiwa watatu, panda kwa ajili ya hao watatu kwanza. Usikodi ekari tano kwa sababu watu 30 wamekusifia viazi.