Kidonge cha Saa Mbili Usiku

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliupa ugonjwa jina la Juliana, kutokana na nguo za magendo za jina hilo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Ilipofika 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Utafiti uliofanyika mjini Bukoba mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Dawa ya kuvizuia haikuwepo, na zilibaki kaya nyingi za bibi na wajukuu peke yao.

Leo mwenye virusi vya UKIMWI (VVU) anameza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake, na anaweza kulima, kuzaa, kusomesha na kuzeeka. Dawa hizo, ziitwazo ARV, zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tangu 2016 mtu anaanzishiwa dawa mara anapogundulika, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke.

Utafiti wa taifa wa 2022/23 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Njombe inaongoza kwa asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa. Lakini takwimu inayostahili kujadiliwa na kila kaya ni nyingine. Kati ya watu 100 wenye virusi, 83 hivi wanajua hali zao. Wanaojua, karibu wote wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, 94 katika kila 100 wamefubaza virusi, yaani wamevipunguza sana kwenye damu. Maana yake dawa inafanya kazi vizuri kabisa. Pengo liko kwa wale 17 ambao hawajui hali zao, wakiwemo wanaume wanaoona kipimo cha mke kliniki ya wajawazito kinawatosha na wao. Hakiwatoshi. Mke anaweza kuwa hana virusi na mume anavyo, au kinyume chake, na ndoa za namna hiyo ni nyingi.

Kupima siku hizi si jambo la foleni ndefu. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mtu anaweza kujipima mwenyewe kwa kupitisha kijiti kwenye ufizi na kusoma jibu baada ya dakika 20 hivi, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Jibu la kujipima likionyesha virusi, lazima lithibitishwe kituoni. Lisipoonyesha, na mtu amejihatarisha majuzi, arudie baada ya miezi mitatu.

Dawa hutolewa kliniki, ila humezwa nyumbani, na hapo ndipo mambo huharibika au kutengenea. Kopo la ARV likitikisika kwenye mkoba hulia. Wapo wanaolijaza pamba lisisikike, wapo wanaobandua karatasi yenye jina la dawa, na wapo wanaohamishia vidonge kwenye karatasi au kitambaa, wakati kidonge kinahitaji kubaki kwenye kopo lake pamoja na kile kifuko kidogo kinachonyonya unyevu. Mama anayeficha dawa kwenye gunia la mahindi ataruka siku ambayo wifi yake analala chumba kilekile. Akiruka mara nyingi, virusi huzoea dawa na kuwa sugu.

Nyumba inayojua hurahisisha mambo. Wengi huchagua saa mbili usiku kwa sababu taarifa ya habari inaanza, kila mtu amerudi, na mtoto anaweza kusema, "Baba, saa mbili hiyo." Aliyesahau ameze mara anapokumbuka. Ikiwa zimebaki saa chini ya nne kufikia kidonge kinachofuata, asubiri hicho, wala asimeze viwili kwa pamoja. Anayetumia vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chokaa au dawa za kiungulia amwambie mhudumu, kwa kuwa vikikutana tumboni vinaweza kuipunguzia ARV nguvu.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya, kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV wakiamini wamepona, na wapo waliorudi kliniki wakiwa hoi. Ni kisa cha kusimuliwa bila kumcheka mtu, kwa sababu tumaini la kupona ni haki ya kila mgonjwa. Ukweli ni kwamba ARV huvifubaza virusi lakini haziviondoi kabisa mwilini. Hujificha, na dawa ikiachwa huibuka tena ndani ya wiki chache.

Mtu akimeza dawa vizuri, kipimo cha wingi wa virusi hufika mahali ambapo havionekani tena kwenye damu. Aliyefika hapo na kudumu hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili lilithibitishwa na tafiti za wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, zikiwemo zile za Ulaya zilizotolewa 2016 na 2019, ambazo hazikupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyefubaza virusi. Habari hii inastahili kufika kila chumba cha ndoa. Kondomu bado ina kazi yake, kwani huzuia pia kaswende, kisonono na mimba isiyotarajiwa.

Kwa mtoto mchanga, adui mmojawapo ni uji wa mapema. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huambukizwa. Mama na mtoto wakitumia dawa, idadi hushuka chini ya 5. Mama humeza kidonge chake kila siku, mtoto hupewa dawa ya maji baada ya kuzaliwa na kupimwa akiwa na wiki kama sita, kisha anaendelea kupimwa mpaka baada ya kuachishwa ziwa. Katika miezi sita ya mwanzo anyonye maziwa ya mama tu. Bibi anapomchemshia mjukuu uji mwepesi au maji "asikaukwe koo", anafanya kwa upendo, lakini vyakula hivyo hukwaruza utumbo mchanga na kuvipa virusi njia. Bibi aelezwe na mhudumu mapema, mimba ikiwa bado changa, ili mkwe asigombane naye peke yake.

Kinga ziko nyingine pia. Tohara ya hospitali humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60, kama majaribio ya Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalivyoonyesha. Aliyebakwa, kuchomwa sindano yenye damu au kupasukiwa kondomu awahi kituoni ndani ya saa 72 apewe dawa za siku 28. Kila saa inayopita hupunguza uwezo wa dawa hizo kuzuia maambukizi. Sahani, choo, kukumbatiana na mbu havimwambukizi mtu.

Kikohozi cha muda wowote, homa za usiku au kukonda kwa mwenye VVU kisisubiri tarehe ya kliniki. Kifua kikuu ndicho kinachoua zaidi watu wenye VVU. Akigundulika nacho, aonyeshe ARV anazotumia, kwani baadhi ya dawa za kifua kikuu hulazimu kipimo cha kidonge chake kibadilishwe. Anayesafiri kwenda msibani au kwenye mavuno abebe vidonge vya kutosha na kadi yake ya kliniki ya VVU (CTC). Dawa zikimwishia huko, kliniki ya karibu itampa za kumfikisha nyumbani.