Kukanywa Mtandaoni Si Kuhukumiwa

Kijana wa Wete ametuandikia. Katika kundi la WhatsApp la mtaani alimtupia fundi mmoja wa kutoka Bara neno la kulidharau kabila lake. Mwanamke mmoja akamkanya mbele ya wote, wengine wakaipiga picha skrini, na hadi magharibi maneno yake na sura yake vilikuwa vimeshatapakaa. Asubuhi akapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni askari: alete laki tatu, kesi iishe hapohapo. Anauliza, alipe?

Usilipe.

Kosa lakini lipo, tusifichane. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtukana mtu mtandaoni kwa sababu ya rangi, asili, taifa au dini yake. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Sheria hiyo inatumika Zanzibar kama inavyotumika Bara, isipokuwa kifungu kimoja tu: cha 50, kinachompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kulimaliza kosa kwa malipo pale mtuhumiwa anapokiri. Kwa hiyo huku Pemba hata njia hiyo halali ya kulipa nje ya hukumu haipo. Anayekudai laki tatu kwa simu anakuibia, awe askari kweli au tapeli, na wanaofanya hivi wanajua kuwa aibu humfumba mtu mdomo. Ihifadhi namba yake, uende nayo Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi.

Yule mwanamke mwache. Kukukanya ni haki yake chini ya kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Nimeona vijana wengi wakiangamia hapa: neno la kwanza lingekwisha kwa radhi, lakini usiku wanamfuata aliyewakanya kwa vitisho na matusi ya nguoni, na hapo wanaingia kifungu cha 23 cha sheria ileile ya mtandao, ambacho faini yake huanzia milioni 5 na kifungo miaka 3. Kifungu hichohicho kinakulinda na wewe, ikiwa kuna anayekutumia ujumbe wa kukutisha kwamba utapigwa.

Radhi iombe kwa fundi mwenyewe, na katika kundi lilelile ulikomtukania. Litaje ulilolifanya, usiseme "kama nimekukera". Sheha anaweza kuwakutanisha mkapatana, ila hana mamlaka ya kukutoza faini. Ukiitwa kituoni, usitie saini maelezo usiyoyasoma, na taka wakili au jamaa yako awepo. Ujumbe ule usikimbilie kuufuta baada ya kusikia umeshitakiwa, maana kufuta kwa nia ya kuzuia upelelezi ni kosa jingine, kifungu cha 22. Msaada wa bure upo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ofisi ya Chake Chake.

Sheria yenyewe nayo inastahili kulaumiwa. Bunge liliipitisha Aprili 2015, na kifungu cha 23 kikaachwa kipana mno: kumsababishia mtu huzuni kwa makusudi kunatosha, bila kuelezwa huzuni ya kiasi gani. Kijana aliyetoleana maneno na mwenzake na mtu mzima anayemwinda mwanamke miezi mizima wote wanakutana na kima cha chini kilekile, na hakimu hana pa kushukia. Kibaya zaidi ni kifungu cha 31, kinachomruhusu mkuu wa kituo kutoa amri ya kupekua na kuchukua simu yako, bila kibali cha hakimu. Ndiyo maana simu ya laki tatu inaogopesha hivyo: anayepiga anajua unachoweza kunyang'anywa kabla hujaiona mahakama. Kibali hicho kirudishwe mikononi mwa hakimu, na kima cha chini cha kifungu cha 23 kifutwe.